Siku Nilipoziba Mlango wa Maji

Ukipita sokoni Mwanga, hapa Kigoma, ukasikia watu wanataja "Injinia" huku wanacheka, ujue ninayesemwa ni mimi, na ujue pia kwamba sina cheti cha uinjinia wala cha darasa la saba, kwa sababu shule niliiacha darasa la sita nikafuata lori la chumvi (hiyo ni aibu nyingine, tuiache).

Asubuhi hiyo niliondoka Mwandiga bila mpango wowote, nimevaa shati langu jeupe, nikashuka kwa miguu kupitia Gungu nikichungulia kila kitu kama kawaida yangu, mpaka nikatokea Mwanga, kwenye uwanja wa manispaa wa kuegesha magari. Hapo muuza dagaa mmoja, Mama Shabani, akaniona nimezubaa, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nikaitikia, akanipa chai na kipande cha muhogo hata kabla ya kuniuliza natoka wapi. Magunia yake ya dagaa wakavu yalikuwa yamepangwa kwenye baraza fupi, kona ya chini ya uwanja, yakisubiri lori la jioni.

"Jua la mwezi mzima limo humo, mwanangu," akasema. "Yakishapanda lori ndiyo nitapumua."

Ningekunywa chai nikaondoka, mambo yangeishia hapo. Lakini macho yangu hayana adabu. Nikaona ukingo wa saruji unaozunguka uwanja una mapengo, pengo hapa, pengo pale, kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno, na nyuma yake kuna kibonde kimejaa matete. Sasa mimi, ninayeuliza maswali mpaka watu wananikimbia, siku hiyo nikauliza swali lenye jibu lake tumboni. Niliwageukia vijana wa bodaboda nikasema, "Hivi saruji ya hapa imeliwa na nani?"

"Wakubwa hao!" akajibu mmoja. "Wameanza na ukingo, kesho watakula lami."

Basi nikapandwa na mori. Kijana huyohuyo alikuwa na saruji iliyobaki alipojenga kibanda chake, akaileta, mimi nikavua shati nikalitundika kwenye ubao uliosimama kando ya matete ili lisichafuke, nikaokota mawe, nikaanza kuziba. Kila pengo nililoziba watu waliongezeka, na kadiri walivyoongezeka nami nikazidi kuhutubia, nikasema wananchi tusisubiri kufanyiwa, nikasema mji ni usafi, nikasema (Mungu anisamehe) kwamba kesho yake nitayafyeka na yale matete.

"Sema, Injinia!" wakapiga makofi. Hata Mama Shabani alipiga.

Mchana ikashuka mvua, na mvua ya Kigoma haipigi hodi. Maji mekundu yakateremka kutoka mlimani, yakapita uwanjani yakazoa oili ya magari, maganda ya miwa na chupa za plastiki, yakafika kwenye ukingo, yakatafuta njia yake, yakaikuta kazi yangu. Kinachoniudhi mpaka leo ni hiki: maisha yangu yote hakuna nilichojenga kikasimama, niliwahi kujenga banda la kuku likaanguka kabla kuku hajaingia, lakini siku hiyo, siku hiyohiyo, kazi yangu ilishika kama nguzo ya daraja! Maji yakajaa, yakageuka, yakaufuata ukingo moja kwa moja hadi kona ya chini.

"Yewe! Injinia! Dagaa wangu!"

Nikakimbia. Tukanyanyua magunia, mimi, Mama Shabani na wapita njia wawili, lakini yale ya chini yalikuwa yameshakunywa. Tukiwa katika hali hiyo akafika ofisa mazingira, dada mmoja mwenye buti za mpira, ameloa kuliko sisi na amekasirika kuliko mvua.

"Nani kaziba?"

Vidole vyote vikanigeukia, vya wapiga makofi vikiwa mbele.

"Kaka, ulidhani hayo mapengo ni ya nini?"

"Nilidhani... saruji imeliwa."

Akageukia matete. Kisha akaona ubao. "Lile shati la nani?"

"Langu."

"Litoe. Soma. Kwa sauti, wote wasikie."

Nikalitoa. Nikasoma, kifua wazi, maji yananichuruzika puani, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele: "Bustani ya mvua. Maji ya uwanjani huingilia hapa yachujwe kabla ya kwenda ziwani. Usizibe njia za maji."

"Rudia hapo mwisho, Injinia, hatujasikia!" akapaza sauti yule kijana aliyenipa saruji.

"Hilo pengo ni mlango," dada akasema, sasa kwa uchovu tu. "Mchanga na mizizi vinashika uchafu, maji yanashuka taratibu. Wewe unakunywa maji ya wapi?"

"Ya ziwani."

"Basi ulikuwa unajipikia uchafu huo mwenyewe. Chukua sururu."

Nikazibua mapengo yote niliyoyaziba, huku mvua inaninyeshea na watu wakihesabu kila pigo, na maji yakaingia kwenye matete mbio kama watoto waliosikia kengele ya kutoka. Lori lilipofika jioni lilichukua magunia makavu tu. Kesho yake jua likatoka, Mama Shabani akamwaga dagaa walioloa juu ya turubai, akanikabidhi fimbo. "Kaa hapo ufukuze kunguru." Nikakaa kutwa nzima nikiwageuza dagaa, na kila bodaboda iliyopita ilipiga honi: "Injinia! Vipi, kunguru wameliwa na nani?" Dagaa wengi walikauka vizuri. Waliobaki walikwenda kuwa chakula cha kuku.

Nilipomwomba radhi, Mama Shabani alinifungia muhogo kwenye gazeti. "Nenda salama, mwanangu," akasema. "Lakini nenda."

Nikaenda. Jioni nikafika Ujiji, kwa Bibi Mwajuma, anayepangisha chumba cha uani. Chumba kizuri, kina kitanda na dirisha, ila chini ya ukuta kuna tundu la kupitisha mkono, na hapo mlangoni, jamani, kuna nusu mfuko wa saruji. Nikajizuia. Nimejiapiza kwamba sitaziba kitu chochote katika dunia hii kabla ya kumuuliza mwenyewe, na kumuuliza kwa adabu, bila kumpa jibu mdomoni.

"Bibi," nikasema, "hili tundu ni la nini?"

Akaliangalia, akacheka. "Hilo? Fundi alikula saruji."

"Una hakika, Bibi?"

"Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi."

Nikamshukuru, nikasogeza kitanda upande wa pili, nikalala nikilitazama. Mfuko wa saruji sikuugusa.