Diski Niliyotaka Kuizika

Shimo nilikwisha kulichimba nyuma ya msikiti, pale tunapofukia kurasa za misahafu iliyochakaa. Diski ile ya kompyuta ilikuwa na darsa za marehemu sheikh wetu, nilizozirekodi miaka yake ya mwisho, na kitu chenye aya hakitupwi jalalani. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe.

Aliyeniambia imekufa ni mwenzangu, tuliyesoma kwa sheikh huyo kwenye jamvi moja. Kompyuta yangu ni ya mtumba, na yeye ndiye aliyekuja kunifungia diski ya pili. Nilimwona akichomoa kidude cheusi kwenye diski ya zamani, kidogo kama punje ya choroko, akakitia mfukoni mwa kanzu.

"Uchafu tu huu," alisema.

Mashine ikawaka bila kuiona diski ya sheikh.

"Ishakufa hiyo, ndugu yangu. Izike, usihangaike."

Wiki ile aliniuliza mara mbili kama nimeshaizika.

Kilichonizuia ni karatasi iliyobandikwa juu yake. Sikutaka kufukia kitu sijakisoma. Nikavaa miwani. Palichorwa vijino vya chuma na mahali pa kukaa kile kidude. Vya diski yangu vilikuwa vitupu.

Nikaipeleka Kerege, kwa binti mmoja anayetengeneza kompyuta kuukuu.

"Shikamoo babu. Maiti huyo?" aliuliza, akikitazama kitambaa.

"Marahaba. Nimeambiwa hivyo."

Akachokora kopo la skrubu, akatoa kidude kama kile. "Hii tunaiita jampa. Diski mbili zikiwa kwenye waya mmoja, hii ndiyo inayoiambia mashine ipi ya kwanza, ipi ya pili. Fundi hawezi kuichomoa kwa bahati mbaya, babu."

Akaichomeka kwa koleo, akaiunga diski kwenye mashine yake, akafungua darsa mojawapo. Sheikh akakohoa, akasema bismillahi. Nilimshukuru Mungu, machozi yakinitoka.

Ndipo nilipoielewa Ramadhani iliyopita. Mwenzangu alidarsisha kwa mifano ya sheikh, neno kwa neno, kila mara akisema, "Mimi naona hivi." Nakala ya darsa zile nilimpa mimi mwenyewe. Nyingine iliyobaki ya kumsuta ilikuwa hii yangu tu.

Alasiri ile alisimama kando yangu safuni.

"Umeshaizika?"

"Bado. Inasema."

Akatazama vidole vyake vya miguu. Imamu akatuamuru tuzibe nafasi. Nikasogeza mguu wangu mpaka ukagusa wake. Sikumbuki nilisoma sura gani.