Siku Niliyoyafunga Mkanda Maziwa ya Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita pale kwa wauza maziwa, Garissa mjini, kuna bibi mmoja ambaye lazima ainue mtungi wake, autikise karibu na sikio, kisha aniulize kwa sauti kama nimekuja na mkanda, na wenzake wote wanaangua kicheko, nami nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, miaka imepita na aibu bado mbichi, na nusu ya hao wanaonicheka siku yenyewe hawakuwapo kabisa, wamesimuliwa tu. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana wao huongeza chumvi (kuna wanaosema niliruka nikatua katikati ya mto Tana, uongo mtupu, ndege haikusogea hata unyayo).

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana wa ndevu chache na maneno mengi, na Mungu akanipa kazi kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Mzungu mmoja tuliyemwita Luka alikuwa amekuja na glaida, yaani ndege ya mabawa marefu membamba, ina injini ndogo ya kuinukia tu, ikishapanda juu anaizima na kuteleza na upepo kimya kimya, akihesabu ng'ombe na twiga bila kuwatimua. Ndani walikaa watu wawili bega kwa bega, na juu yao kifuniko kimoja kikubwa cha plastiki angavu, unaona mbele, nyuma na mbinguni.

Kazi yangu ilikuwa hicho kifuniko. Msicheke. Luka alinifundisha kwa ukali kuliko mwalimu wangu wa chuo cha Kurani: usikifute kikavu hata siku moja, kwa sababu vumbi letu ni msasa, kwanza umwagie maji mengi safi, kisha pamba laini, na petroli isikikaribie. Usikiache wazi juani, kitakusanya jua kama lenzi na kuchoma viti. Kikae chini ya kitambaa chake cheupe wakati wote ndege imelala. Kila asubuhi nipitishe jicho nione kama kuna ufa, hata mwembamba wa unywele, nijaribu makomeo ya pande mbili kama yanashika, na nitazame lile shikio jekundu, ambalo ukilivuta kifuniko kizima kinang'oka ili rubani aliye hatarini aruke na mwavuli wake. "Nyekundu unaiangalia," Luka alisema, "huigusi." Nilikuwa siigusi.

Sasa, nilikuwa nimemposa Hodhan. Hodhan mwenyewe hakuwa na tatizo nami, tatizo lilikuwa mama yake, Hooyo Sahara, muuza maziwa ya ngamia anayeheshimika soko zima, mama ambaye madereva wa malori humshushia mitungi kabla ya kumshusha abiria. Yeye alikuwa amesikia kwamba mimi ni mlinzi wa ndege ya mzungu, na kumpa mlinzi binti yake hakuwa tayari. Nikamtumia habari kwamba mimi si mlinzi, mimi ni mtu wa ufundi, na bila mimi ile ndege haipai. (Si uongo sana. Kifuniko kichafu, Luka hapandi.) Akajibu kwamba maneno ameshayasikia, sasa anataka kuiona kazi yenyewe, na atakuja kiwanjani na kaka yake, Abti Gedi, na wakiondoka pale atakuwa na jibu, ndiyo au hapana, na hapana yake hairudiwi.

Na siku aliyochagua ni ile ile ambayo mkaguzi kutoka Nairobi alikuwa anakuja kukikagua kifuniko ili ndege iruhusiwe kuendelea kuruka. Luka alikuwa na wasiwasi tangu alfajiri. Kifuniko kikikutwa na ufa, kipya kilipaswa kuagizwa Ulaya, na kabla hakijafika yeye angekuwa ameshafunga virago, na mimi kazi basi, na bila kazi, kwa Hooyo Sahara hata mlango sitafunguliwa. Kwa hiyo mke wangu wa baadaye alikuwa ananing'inia kwenye kipande cha plastiki, na nililijua hilo.

Asubuhi, Luka akiwa ameenda mjini kumsubiri mkaguzi (alikuwa anakuja na ule msafara wa magari yenye askari, na msafara hufika unapofika), Hooyo Sahara akatokea peke yake, nyuma yake mkokoteni wa punda, na juu ya mkokoteni mtungi wa manjano wa plastiki wenye maziwa ya ngamia. Akanitazama kuanzia viatu.

"Abdi, wageni wakija utawakaribisha na nini?"

Nikamwambia chai iko, kwenye chupa.

"Chai," akasema, kama nimemwambia maji ya mfereji. "Kaka yangu atoke Griftu mpaka hapa anywe chai ya chupa? Nimekuletea maziwa, yamesafiri na lori tangu jana lakini ni mazuri. Tukirudi baada ya Adhuhuri, wewe ndiye utakayetumiminia. Yaweke mahali pa baridi. Na asiyaguse mtu kabla yetu."

Mlielewe hilo vizuri. Kwetu mgeni akiondoka bila kuonja maziwa, hiyo haikuwa ziara. Yule mama alikuwa amenionea huruma, amenifichia aibu yangu, amenipa maziwa yake mwenyewe nimkaribishe nayo ili kaka yake anione mtu. Lau yangeharibika mkononi mwangu, ningemtazama vipi?

Mahali pa baridi, kiwanjani Garissa! Kibanda changu kilikuwa cha mabati, ukiingia saa nne unatoka umeiva. Mti haukuwapo. Chini ya bawa kivuli kilikuwa kinahama na mbuzi walikuwa wanakifuata. Nikageuka geuka, nikaona kile kitambaa cheupe, safi, kimetandikwa juu ya kifuniko, na chini yake kivuli kizuri kilichotulia. Nikasema, si hapo hapo? Nikafungua, nikaukalisha mtungi kwenye kiti cha abiria, na kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu nikaufunga mkanda, ule wa mabegani na wa kiunoni, nikaukaza kabisa usije ukaanguka. Nikafunga kifuniko, nikarudisha kitambaa, nikajisifu. Wallahi nilijisifu.

Sikufikiria kwamba maziwa ya tangu jana, kwenye plastiki iliyozibwa kizibo chake barabara, ndani ya kuba lililozibwa, jua likipiga kitambaa tangu asubuhi, hayalali, yanachacha. Mtoto wa mfugaji mimi! Nyanya yangu alikuwa akiacha mdomo wa chombo umelegea kila siku ya Mungu mbele ya macho yangu.

Baada ya Adhuhuri walifika wote kwa mpigo. Hooyo Sahara na Abti Gedi kwa miguu, yeye mzee mrefu mwenye fimbo na mikono ya mtu aliyeshika ngamia maisha yake yote, na nyuma yao Landrova ya Luka na mkaguzi, mtu mfupi mpole aliyejaa vumbi la njia nzima. Na kwa bahati yangu mbaya ndege ya miraa ilikuwa imechelewa, kwa hiyo wafanyabiashara wote wa miraa walikuwa pale kiwanjani bila kazi, wakitafuta cha kutazama.

Nikawasalimia, nikaondoa kitambaa kwa madaha mbele ya umma wote, na ndipo nikauona mtungi. Ulikuwa umevimba. Mtungi uliokuwa na pembe nne sasa ulikuwa na tumbo, na mkanda umekaza juu ya hilo tumbo kama mzee aliyetoka karamuni.

Luka alikuwa bado anazungumza na mkaguzi karibu na gari. Nikawaza haraka: niutoe kabla hawajafika. Nikafungua kifuniko, nikajaribu kufungua mkanda nikiwa nje, haukubali, mtungi umeusukuma mpaka kifungo chake hakifyatuki. Ikabidi niingie, nikae kiti cha rubani, nivute vizuri. Abti Gedi aliponiona nimekaa pale, akamgeukia dada yake, na makusudi akasema Kiswahili ili wale wa miraa wote wasikie:

"Sahara! Hii kijana kumbe anajua kubaa!"

(P yetu ni b, mnatujua.) Hapo ningesema hapana, Abti, mimi hufuta tu. Sikusema. Nilimpungia mkono. Nilipunga mkono kama rubani, na mkono mwingine nikalegeza kidogo mdomo wa mtungi ili upungue upepo.

Ukaanza kulia. Pssssss, mrefu, mkali, na mkaguzi akainua kichwa. Nikaona ameanza kuja. Mimi, badala ya kuukaza tena, badala ya kuruka nje, badala ya jambo lolote ambalo mtu mwenye akili angefanya, nilivuta kifuniko nikajifungia ndani ili ile sauti isisikike.

Basi kizibo kikaruka. Sijui niwaelezeje. Maziwa yalitoka kama yalikuwa yananisubiri mimi, yakapiga kifuniko juu, yakarudi chini, yakanijaa machoni, puani, ndani ya shati, na yale ya tangu jana yana mabonge. Ulimwengu wote ukawa mweupe. Nje sikuona mtu, nilisikia tu wale wa miraa wakipiga kelele za furaha, mmoja akiuliza kama rubani anaogea humo humo. Nikapapasa komeo la kushoto, likateleza. La kulia, likateleza. Joto, harufu, mtungi bado unatema, na mimi nikaona sasa nitafia ndani ya maziwa ya mama mkwe, tena kabla hajawa mkwe.

Nikasikia Luka anapiga kelele, "Abdi, si nyekundu! Si nyekundu!"

Jamani, mtu akikutajia nyekundu wakati huo, unaikumbuka. Mkono wenyewe ukaenda.

Kifuniko kiling'oka. Nilikuwa nakisukuma kwa kichwa na mabega yote, kwa hiyo hakikung'oka kwa adabu, kiliruka upande wa kulia, na chini kulikuwa na kokoto tupu na nilijua kinakoelekea ni kupasuka, na mimi na kazi na Hodhan tumekwisha. Lakini upande wa kulia alikuwa amesimama Abti Gedi. Fimbo akaitupa. Akakipokea kifuniko kile kifuani kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma akipepesuka, akakaa chini kwa makalio, amekipakata, maziwa yanamchuruzika ndevuni, na hakukiachia.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha rubani, mweupe kuanzia kichwani, na pembeni yangu mtungi mtupu, bado umefungwa mkanda.

Luka alikaa chini akashika kichwa. Mkaguzi aliagiza maji, na Hooyo Sahara ndiye aliyempigia kelele mwenye mkokoteni wa punda, muuza maji aliyekuwa amesimama kutazama, alete mitungi yote, na mimi, nikilia (nililia, sifichi), nikaanza kukiosha pale pale mapajani kwa Abti Gedi, maji mengi kwanza, halafu pamba, taratibu, kwa sababu ndicho kitu pekee duniani nilichojua kukifanya sawasawa. Mtu akanipa kitambaa kikavu cha kuharakisha, nikamfokea. Ni Luka niliyemfokea.

Mkaguzi akapiga goti, akakiangalia juani, akakigeuza, akapitisha kidole ukingoni mwote. Hooyo Sahara akashindwa kuvumilia, akasimama mbele yake na Kiswahili chake:

"Mkaguzi, hii kijana ni yangu. Hii maziwa ni yangu. Hii ndege ni ya nani mimi sijui. Kama kifuniko imebona, sema imebona, tujue kama kuna harusi."

Hii kijana ni yangu! Mimi nilisikia hapo tu, mengine yalinipita.

Mkaguzi akainuka akajifuta magoti. "Mama, hakina ufa," akasema. "Na lile shikio la hatari nilikuwa nije kulijaribu mwenyewe. Naona linafanya kazi." Akageuka kwa Luka, uso mkavu kabisa. "Ila waambie abiria wako wafungue midomo polepole."

Abti Gedi ndiye aliyeanza kucheka, pale chini, mpaka kifuniko kikatikisika mapajani na Luka akakikimbilia. Hooyo Sahara hakucheka. Alinijia, akanitoa bonge la maziwa sikioni kwa kidole chake mwenyewe, akaniambia kwa Kisomali, taratibu, kwamba sasa amejua kuwa mimi si rubani wala si fundi, mimi ni mwosha kioo, na kuosha najua, na kwamba niliposema bila mimi ndege haipai amesamehe, lakini kwa binti yake uongo kama huo nisijaribu.

Viti vilinuka miezi. Luka alikuwa akiruka madirisha madogo yote yamefunguliwa, na nilisikia kwamba tai walikuwa wanamfuata. Mimi niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: sijifungii tena ndani ya kitu ili kuficha sauti, ikilia iache ilie.

Na siku ya harusi, wageni wote wamekaa, Luka naye yupo katika macawiis, kikoi chetu cha wanaume, aliyoifunga vibaya, Hooyo Sahara akaleta mwenyewe, mkononi, zawadi yake ya nyumba mpya. Mtungi wa manjano, umefungwa utepe kiunoni. Akauinua juu, akawaonyesha watu mdomo wake: katikati ya kizibo kulikuwa na tundu dogo.

"Nimetoboa mwenyewe," akasema, kwa Kiswahili, ili hata Luka asikie. "Sasa ifunge mkanda ukitaka. Itabumua."