Mjane Aliyesalimia Migomba

Harufu ya samli kwenye ngozi ya mwanangu inanichafua roho. Mama mkwe amempaka tena kumkinga, eti mgeni wetu wa jana ana macho mabaya.

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu mjane alisemwa hivyo hivyo. Akipita njiani, akina mama walifunika watoto wao kwa leso. Kanisani alikaa benchi zima peke yake.

Asubuhi moja nilimkuta shambani kwake akisalimia mgomba mmoja mmoja. "Umeamkaje, mama?" Kisha alingoja, akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa.

Aliponiona, alifunika macho yake upesi kwa viganja.

"Pita haraka, mwanangu," alisema. "Wewe bado mdogo, nisije nikakuumiza."

Nikapita mbio, na salamu sikumpa.