Kiti Kilichokatwa Miguu

Mimi ni seremala. Miaka arobaini ya msumeno na randa, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Hesabu mwenyewe.

Mwaka jana nesi wa zahanati alinionyesha namna ya kujua kama mwili bado una nguvu. Unakaa kitini, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa mara nyingi uwezavyo kwa nusu dakika bila kushika kitu. Kwa umri wangu, alisema, mara hizo zikipungua kumi na mbili ujue miguu imeanza kulegea. Nikapata kumi na tano. Nikaringa weee! Kila Jumapili nikawa najipima sebuleni kwenye kiti nilichokiunda mwenyewe, mke wangu akishika saa.

Mwanangu, niliyemfundisha kazi kwa mikono hii, akaja na lake.

"Baba, tukubaliane. Siku usipofika kumi na mbili, unaniachia karakana. Ile mashine ya kukatia mbao haina mzaha."

"Utangoja sana, bwana mdogo."

Haukupita mwezi nikapata kumi. Jumapili iliyofuata, tisa. Magoti yanalia, jasho linanitiririka.

"Pole, Baba Watoto," mke wangu akaniambia. "Ndiyo umri."

Nikatoa ufunguo wa karakana. Kisha nikajifungia chooni nikalia, sioni haya kusema.

Jana kile kiti kikaanza kucheza. Nikakipindua nigonge kabari. Lahaula! Ncha za miguu yake nyeupe pee. Kiti cha miaka thelathini, kilicholowa maji ya deki na kila sabuni, kitakuwaje cheupe chini? Kimepunguzwa upana wa vidole vitatu, na kingo zimesuguliwa zisikwaruze sakafu. Kumbe! Kiti kikishuka, kuinuka huwa kazi mara mbili. Kusugua kingo vile nilimfundisha mimi.

Nikakibeba hadi karakana, nikakibwaga mbele yake.

"Baba, ungejikata siku moja," akasema. "Ungekubali kuacha kwa maneno?"

"Ungeniambia kwanza! Mimi ni baba yako, si mbao!"

Akainamisha kichwa. Nikaitazama ile mikato. Minne, yote imenyooka. Kiti kizima hakikatwi hivyo na mtu mmoja, lazima kiyumbe.

"Nani alikushikia?"

Akasema polepole, "Mama."

Nikakirudisha kiti sebuleni. Leo Jumapili. Moyo unaniuma kuliko magoti, na mke wangu ameshachukua saa yake, ananiita.

"Baba Watoto, njoo tuhesabu."