Kisu cha Mjomba Anaeli

Kuna siku moja ya Desemba ninayoikumbuka, mwanangu, na hata ningetaka kuisahau, kidole hiki kisingeniruhusu. Kiangalie. Hakikunjiki tangu nilipokuwa kijana wa rika lako. Jana ulinionyesha kwenye simu kile kisu cha kukunja unachotaka kuagiza kutoka nje, chenye mpini mwekundu, cha kukatia mbuzi wa ndafu kwenye harusi yako. Nilinyamaza, mama yako akadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilichoka tu, maana nilijua sasa itabidi niseme jambo ambalo sijamwambia mtoto wangu yeyote.

Mjomba Anaeli, kaka yake bibi yako, alikuwa mhunzi kule Mamba. Alikuwa akichukua springi ya gari bovu, anaiweka kwenye moto mpaka inakuwa nyekundu, anaiponda, anaichonga, kisha anaitia kwenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Hapo katikati kuna ribiti moja tu, pini inayoushika ubapa kwenye mpini, na ribiti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukiigonga kidogo, kisu kinalegea, ukiizidisha, hakifunguki. Karibu kila mwanamume wa huku mlimani alikuwa na kisu chake mfukoni. Cha kukatia kamba ya ng'ombe, cha kuchunia mbuzi, cha kumenyea ndizi mvua ikikukuta shambani na njaa.

Na katika ukoo wetu, kama unavyojua, au kama ulivyopaswa kujua, mjomba ndiye anayempa bwana harusi kisu cha ndafu. Kipande cha kwanza kinakwenda kwa wakwe. Cha pili kinakwenda kwa mjomba, mbele za watu, kwa kisu kilekile alichokutengenezea. Ndiyo heshima yake, hana nyingine siku hiyo.

Basi harusi yangu ilipokaribia akaja kwetu Old Moshi kwa miguu na kwa basi, akanikabidhi changu. Kilikuwa cheusi, kizito, na kukifungua ilibidi nitumie kucha na nguvu.

"Kigumu, mjomba," nikamwambia.

"Kitauzoea mkono wako," akasema. "Usiwe na haraka nacho."

Lakini mimi haraka ndiyo niliyokuwa nayo. Nilikitia chini kabisa ya sanduku, nikapanda basi la Tarakea. Siku hizo vitu vya nje vilikuwa vinaingia pale kupitia mpakani, na sisi vijana tulivionea fahari kama tumevitengeneza wenyewe. Nilipita Marangu Mtoni, njia ya kwenda kwake, nikageuza uso upande wa pili wa dirisha kana kwamba angeniona. Nikarudi na kisu kinachong'aa, kinachofunguka kwa kidole kimoja, ta! Wiki mbili nzima nilikitembeza vilabuni. Wenzangu wanakishika, wanakigeuza, wananisifu. Ujinga una raha yake, mwanangu, usidanganywe kwamba hauna.

Siku ya harusi, ndafu imesimamishwa mezani, majani mdomoni, wakwe wamekaa mstari wa mbele, mjomba yuko pembeni na kata yake ya pombe ya mbege. Nikakifungua kisu changu, ta! Nikakata nyama ya bega. Kisu kikagonga mfupa, kikajikunja chenyewe, na kidole changu kikiwa ndani. Damu ikamwagika juu ya ndafu. Mama mkwe akaziba mdomo kwa khanga. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Jamani, hiyo nyama sasa nani ataila?"

Mjomba akasimama. Hakupaza sauti. Alinifunga kidole kwa leso yake, akaniinamia sikioni.

"Kile nilichokupa kiko wapi?"

Nikasema, "Kimepotea, mjomba."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa ndefu, nimeitembea karibu maisha yangu yote. Jumapili iliyofuata mjomba alikuja tena, na kisu kingine. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika kwa moto, na bado alikuwa amekitengeneza ndani ya wiki moja. Akanipa, akasema tu, "Hiki usikipoteze." Nikapokea kwa mikono miwili na kidole kilichofungwa kitambaa. Nikakiweka sandukuni, juu ya kile cha kwanza. Ningeweza kusema pale pale, mimi na yeye peke yetu. Sikusema.

Unadhani watu walicheka kile kisu cha Tarakea? Wapi! Walisema bwana harusi alikuwa na wasiwasi. Walichokumbuka ni kimoja: mpwa wa mhunzi hakutumia kisu cha mhunzi. "Kama mpwa wake mwenyewe amevikataa, sisi ni nani?" Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, sokoni, nikajifanya nachagua vitunguu. Sisemi kwamba ni mimi peke yangu niliyeuzima ule moto, maana visu vya nje vingekuja tu. Lakini mimi ndiye niliyewapa watu ruhusa. Mmoja akaacha kuagiza, na mwingine, na mwingine, mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiwanda chake.

Miaka mingi ikapita kabla sijaenda kwake. Nilichuma jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba la urithi, nikalifunga fundo kama wazee walivyotufundisha, nikachukua visu vyote viwili. Unajua isale. Mtu akikuletea, hata uwe umekwazwa namna gani, hukatai kumsamehe. Nilimkuta amekaa mlangoni, haoni tena.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Nikamwekea jani mkononi, kisha visu, kimoja, na cha pili. Akavipapasa ribiti. Akavijua.

"Nilijua," akasema. "Dada yangu aliniambia siku ileile kwamba kiko sandukuni."

"Sasa kwa nini ulinitengenezea kingine?"

"Nilidhani vikiwa viwili vitakuelemea, utakuja mapema." Akalizungusha lile jani mkononi. "Nimekusamehe, mpwa wangu. Nimeshalipokea isale. Lakini isale halipulizi moto."

Nililia, mwanangu. Mtu mzima mwenye watoto, nikalia kwenye mlango wa watu. Yeye akanirudishia visu, akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana nimechoka. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi niliisikia methali hiyo tangu mdogo, nikaiona ni ya wazee. Sasa mzee ni mimi, na naona unafanya vilevile, tofauti ni simu tu.

Mjomba wako wa Dar amekuambia ujichagulie kisu mwenyewe. Sawa, jichagulie. Lakini usiniombe changu. Najua unavipenda vile viwili vya sandukuni, na sitakupa hata kimoja. Nikikupa, utakata ndafu, watu watapiga makofi, na moto utabaki umezima. Nenda Mamba. Mjukuu wa mjomba Anaeli, yule Elinami anayechomelea mageti, amelifungua tena lile banda la babu yake. Mageti ndiyo yanayomlisha. Visu anatengeneza akipata wa kumwagiza, na wa kumwagiza ni wachache. Mwagize. Kitakuwa kigumu, kifungue kila siku mpaka harusi. Kisu kinachofunguka kwa urahisi hujifunga kwa urahisi, na hakichagui kidole cha nani. Siku ya harusi kitoe mbele za watu, na wakikuuliza umekipata wapi, taja jina lake kwa sauti. Na ukikosea, maana utakosea, kiri siku hiyohiyo, mwenzio akiwa bado anaona uso wako.

Sasa nisaidie ninyanyuke, mgongo umekaza. Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akupe mkono usiotetemeka mbele ya wakwe. Akupe mke utakayezeeka naye na kihamba kisichokauka. Na siku ukipita Mamba, uisikie nyundo kabla hujafika mlangoni.