Mama Hajulikani Aliko

Kwa karibu miaka minne nilikuwa yatima wa serikali, na kazi hiyo niliiweza. Nilijua kuinamisha kichwa mtu wa kamati akipita. Nilijua kuvaa sweta lenye shimo kwenye kiwiko siku ya ukaguzi. Mdogo wangu nilimfundisha kukohoa kidogo, asizidishe. Baba alikuwa amekufa kweli, hilo sikulitania. Mama alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, na mwezi wa pili tu simu yake ikazimika, tukapiga mpaka tukachoka. Hapo ndipo mama yake baba, ambaye sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunamwita kukhu, alipofunga mlango wake kijijini akaja Mathare, hapa Nairobi, kutulea kwenye chumba kimoja cha mabati.

Kamati ya mtaa ilituandika kwenye zile pesa za serikali za mayatima na watoto wasio na wa kuwatunza. Kukhu akawa mlezi. Faili yetu niliiona kwa macho yangu: kando ya jina la baba waliandika "marehemu", na kando ya jina la mama wakaandika "hajulikani aliko". Pesa zenyewe ziliingia kwenye simu ya kukhu siku zilipojisikia, lakini zilipoingia kulikuwa na unga, na mimi nilirudi darasani nilikofukuzwa kwa sababu ya karo. Sizidharau. Anayezidharau hajawahi kutumwa nyumbani katikati ya somo la kemia, siku ya kwanza kabisa alipoanza kulielewa.

Kisha mama akarudi.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani na viatu vyao mkononi kwa ajili ya matope. Wengine wakirudi kutoka Uarabuni huja na televisheni. Wetu alikuja na mfuko wa nailoni na kovu la kuchomwa na pasi mkononi. Aliyemwajiri alikuwa amemnyang'anya simu na pasipoti, hayo ndiyo aliyotuambia, na mengine sikumuuliza. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijaona uso. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, niliyapanga kwa miaka, lakini kilichonitoka ni kumuuliza kama ameleta chokoleti. Ningesema kitu kingine ningelia mbele ya wapangaji wa ploti nzima. Akacheka. Kukhu alimshika kichwa kwa mikono miwili akakigeuza huku na huku, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili mama alipoondoka. Sasa alikuwa na sita. Alijificha nyuma ya pazia akauliza huyu ni nani.

Kabla hajajibiwa, akaingia jirani yetu wa ukuta wa pili, mama anayepika mandazi. Alimkumbatia mama, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akashusha sauti kabisa. Alisema ukaguzi wa nyumba zilizoandikwa unaanza wiki hiyo hiyo, na kwamba kuna nyumba kule karibu na mto iliyofutwa baada ya baba wa watoto kurudi. Mzazi akirudi, alisema, jina linatoka. Kama hiyo ilikuwa sheria au maneno ya watu, hakuna aliyejua. Kwetu sheria hatuzisomi, tunaziona tu zikimshika mtu.

Kukhu alifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akatoa amri.

"Mpaka hao watu wapite, huyu ni shangazi yenu."

Yaani dada yake baba, binti yake yeye kukhu wa kumzaa. Mimi niliona huo ni mchezo mtamu kuliko yote niliyowahi kupewa. Nikajifanya mkurugenzi. Nilimfundisha mama kutugombeza kishangazi, kulalamika kwamba sukuma wiki ya Nairobi ni majani mawili, na kutuuliza kila saa tutaenda lini nyumbani kusalimia watu. Mdogo wangu nilimpa kipande cha andazi kwa kila jibu sahihi. Huyu ni nani? Shangazi. Alitoka wapi? Nyumbani. Atakaa siku ngapi? Chache. Alikuwa hodari kutushinda sote.

Alizidi uhodari. Siku ya tatu alianguka kwenye bomba la maji akachubuka goti. Mama alitupa ndoo akamkimbilia, akamwinua, akampuliza jeraha. Mtoto akamsukuma kifua akalia, "Niache, shangazi. Namtaka kukhu." Mama akamweka chini polepole. Akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Mimi, ambaye mwalimu wa zamu huniita redio kwa sababu sizimiki, niliokota ndoo nikarudi kwenye foleni ya maji.

Wakaguzi walikuja Alhamisi, nimetoka tu shule. Walikuwa wawili: mzee wa mtaa, ambaye naye ni mtu wa magharibi kama sisi, na dada mmoja kijana mwenye tableti. Tuliwapa viti viwili vya plastiki tulivyoazima. Kukhu alikaa kitandani kwake, ambacho ndicho kitanda pekee, maana sisi wengine tunalala chini kwenye godoro. Mimi na mdogo wangu tukakaa kando yake, na bado nafasi ikabaki. Dada akauliza, kukhu akajibu. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa hadi mama alipoleta chai, akamgawia kila mtu, akavuta mtungi wa plastiki wa maji, akaukalia.

Kwetu mke wa mtoto hakai kwenye kitanda cha mama mkwe. Hakuna anayekufundisha, unakua ukijua tu. Binti wa nyumba anaweza kukilalia na miguu ya matope, akapigiwa kelele basi. Mke wa mtoto hata akiwa mgonjwa atatafuta pengine. Mama alikuwa ameukalia mtungi ule tangu siku aliyofika, na hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kila kitu, ila kukaa.

Mzee wa mtaa aliona. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Binti, mbona unakalia mtungi na kitanda cha mama yako kina nafasi?"

Kukhu akapigapiga blanketi. "Njoo ukae, mwanangu."

Mama akainuka. Alifika mpaka kitandani, akageuka kama mtu anayetaka kukaa, na hapo akakwama. Alisimama tu, ameshika trei.

"Ana jipu," nikasema.

"Jipu wapi?" akauliza dada wa tableti.

"Mahali pa kukalia."

"Na mtungi hauliumizi hilo jipu?" akasema mzee.

"Mtungi una maji baridi, mzee. Unalipoza."

Yule dada aliuma mdomo akaangalia tableti yake kwa bidii nyingi. Mzee alicheka kwa pua. Nilidhani tumepona. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza kwa upole huyu mama aliyesimama ni nani wake.

"Shangazi," akajibu bila kusita, na papo hapo akaninyooshea mkono nimpe andazi lake.

Mzee alimaliza chai, akaaga, na mlangoni akamwambia kukhu kwamba majina yatasomwa Jumamosi kwenye uwanja wa chifu mbele ya watu wote, kama kawaida, na kila nyumba itajibu yenyewe. "Hilo jipu nalo lipone," akasema.

Walipoondoka nilisema mimi sitaki tena mchezo huu. Kukhu aliniuliza kama karo yangu italipwa na huo mdomo. Nilimjibu kwamba kumficha mtu aliyepotea miaka minne ni kumpoteza mara ya pili, na yeye akanijibu kwamba maneno mazuri hayasongwi yakawa ugali. Tuligombana vizuri tu, mabati yakisikia. Mama ndiye aliyetunyamazisha. Alisema ameshaamua. Ataenda mtaa wa Mukuru kwa Njenga, apange chumba na wanawake wengine, awe anasimama kwenye mageti ya viwanda kutafuta kibarua. Jumapili atakuja kutuona.

"Kama nani?" nikamuuliza.

"Kama mnavyoniita," akasema.

Nilimtazama kukhu nikimsubiri akatae. Kukhu alikuwa anachambua maharagwe. Alichambua hata yale yaliyokuwa yameshachambuliwa, na hakukataa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye mawe na nyasi. Utaratibu wa siku hiyo ni mmoja: mzee wa mtaa anasoma jina na hali ya nyumba, kisha anauliza kama ni kweli, na majirani wanajibu kwa pamoja. Mtu akinyanyua mkono kupinga, anasikilizwa na afisa aliyekaa na faili. Huwa ni nadra. Mtu anayempinga jirani yake kwenye baraza atachota maji wapi kesho?

Mama alikuwa amesimama mbali, kwenye ua, na mfuko wake wa nailoni. Alikuwa aende Mukuru moja kwa moja kutoka pale.

Ikafika zamu yetu. Mzee alisoma jina la kukhu, akasoma letu, mimi na mdogo wangu. "Baba, marehemu. Mama, hajulikani aliko." Aliinua macho akatazama upande wa ua, kisha akayarudisha kwenye karatasi. "Ni kweli?"

Watu wote pale walikuwa wamemsalimia mama wiki nzima. Wengine walikuwa wamemletea mboga. Kisha mama wa mandazi akasema kwa sauti, "Ni kweli," na wengine wakamfuata, ni kweli, ni kweli, mstari mzima, hata yule jirani ambaye hatusemezani naye tangu mambo ya kamba ya nguo. Walidanganya kwa ajili yetu mbele ya chifu, kwa mapenzi tu. Sitaweza kuwalipa maisha yangu yote. Na bado sikuweza kuvumilia kusikia sauti zote hizo zikimfuta mtu mmoja aliyesimama hapo anasikiliza.

Nikanyanyua mkono.

"Si kweli. Anajulikana aliko. Yuko pale kwenye ua."

Shingo zote ziligeuka. Afisa alivua miwani, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye yatima. Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Alinieleza, na hakunieleza vibaya, kwamba kurudi kwa mzazi peke yake hakufuti nyumba, lakini nyumba itakaguliwa upya kuanzia mwanzo, na pesa zitasimama mpaka jibu litoke, na hajui litatoka lini wala litakuwa jibu gani. Akaniuliza kama ninaelewa ninachofanya.

"Naelewa," nikasema. "Mkitunyima kwa sababu amerudi, andikeni hivyo hivyo kwamba amerudi. Lakini msitulishe kwa kumkana. Mdogo wangu ameshaanza kuamini."

Nilisikia nyasi zikichakarika nyuma yangu. Kukhu alikuwa anasimama, mkono mmoja kwenye bega langu, na alilibana bega hilo nikajua ninakula kofi mbele ya serikali. Halikuja. Alimgeukia afisa.

"Andika na hili," akasema. "Huyo ni mke wa mwanangu. Na leo haendi Mukuru."

Basi pesa zikasimama. Mpaka ninapoandika haya hazijarudi, na hatujaambiwa kama zitarudi. Ugali umekuwa mdogo na maharagwe yamekuwa na mchuzi mrefu. Mama anafua nguo za watu mtaa wa Umoja siku tatu kwa wiki, siku nyingine anazunguka kutafuta. Kukhu alininunia siku nne halafu akachoka. Mama wa mandazi alinichunia wiki mbili, maana nilimfanya mwongo mbele ya chifu, na alikuwa na haki. Nilimkandia unga alfajiri kabla ya shule mpaka akanisamehe, na siku aliyonisamehe aliniambia mkono wangu wa kukanda ni mbaya kuliko mdomo wangu.

Mdogo wangu ndiye aliyetusumbua. Siku ile tukitoka kwa chifu, mama amemshika mkono, nilimweleza kwamba huyu ni mama yetu, tulikuwa tunacheza tu. Alitembea hatua nyingi akifikiri. Kisha akamuuliza mama, "Sasa shangazi ameenda wapi?" Mama akamwambia shangazi amerudi kwake. Alihuzunika kidogo, maana alimpenda. Ilimchukua zaidi ya mwezi kumwita mama bila kwanza kunitazama mimi aone kama ndilo jibu.

Juzi shuleni tulipewa fomu za basari, ule msaada wa karo. Kuna mahali unatia alama: yatima kamili, nusu yatima, au una wazazi wote. Karani wa shule ni mama mwema, ananijua. Aliona kalamu yangu inakoelekea akanisogelea.

"Si muhula uliopita ulikuwa yatima kamili?"

"Nilikuwa. Nimeshushwa cheo."

Hakucheka. Aliniambia polepole, kama mtu anayemtakia mema mtoto wa mwenzake, kwamba wanaopewa kwanza ni yatima kamili, na kwamba fomu za nusu hukaa chini ya rundo mpaka pesa ziishe. Alinisukumia fomu nyingine, safi. Nilimshukuru, nikaiacha mezani. Kwenye nafasi ya mzazi niliandika majina yote matatu ya mama, nikakandamiza kalamu mpaka yakatokea upande wa pili. Kisha nikamuuliza rundo liko wapi, nikaliinua, nikaiweka fomu yangu chini kabisa mwenyewe.