Ukuta wa Baba Mkwe

Ukiitazama nyumba yetu kutoka barabarani, utaona nyumba fupi ya kawaida, mlango mmoja na madirisha mawili. Lakini ukipita ubavuni ukateremka ngazi za nje hadi nyuma, kule ardhi inakoinama, utakuta kuna chumba kingine chini ya sakafu yetu. Humo ndimo alimoishi baba mkwe. Alikichimba mwenyewe, akakijenga mwenyewe, na lipu aliyopiga kwenye kuta zake ndiyo kazi yake ya mwisho akiwa na macho.

Alikuwa mwashi. Mtaani walimwita Fundi Pima, kwa sababu hakuweka tofali bila kulipima mara ya pili, na mteja akilalamika kwamba anachelewa alijibiwa kwamba nyumba haikimbii. Presha ya macho ilimwanza angali na nguvu zake. Haikumpofusha ghafla. Ilimla kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, na wakati inamla ndipo alipokuwa akipiga lipu ile. Kwa hiyo kuta hazikunyooka. Kuna mahali mwiko ulitetereka ukaacha kibonde, mahali pengine pakavimba kama goti, na karibu na mlango wa choo pakabaki mkwaruzo mrefu ambao hakuuziba. Mwashi mwingine angeona aibu. Yeye alivikariri vyote kwa kiganja kabla mwanga haujazimika kabisa, na baadaye hivyo ndivyo vilivyokuwa macho yake.

Nilipenda kumwona akitembea humo. Hakushika fimbo. Aliweka kiganja cha kulia ukutani, usawa wa kiuno, akaenda kutoka kitandani hadi kwenye goti, kutoka gotini hadi kibondeni, kisha mkwaruzo, kisha choo. Kurudi alitumia mkono wa kushoto. Kwenye kona ya dirisha alikuwa na kigoda na fremu za viti, maana baada ya kupofuka alijifunza kusuka viti kwa kamba za plastiki, na watu wakamletea. Alijichotea maji, alioga, alikwenda haja bila kumwita mtu. Mgeni wa mara ya kwanza aliweza kupiga naye soga hadi akaaga, asijue kwamba mwenyeji wake haoni.

Juu mambo yalikuwa mengine. Juu kuna makochi, kabati la vyombo, friji, baiskeli za watoto. Huwezi kupata ukuta ulio wazi hata wa kuegemea. Choo kiko mwisho wa ukumbi, na kabla hujakifikia kuna ngazi moja ya kushuka. Mwaka mmoja aliugua homa tukampandisha. Mke wangu ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni, akawa anamngojea nje. Alipopata nguvu za kusimama tu aliomba arudishwe chini, na sababu aliniambia mimi peke yangu.

"Mkwe, mtoto niliyemvisha nepi mimi mwenyewe asinisubiri mlangoni mwa choo. Afadhali nilale na mende."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tatizo la chumba kile ni kwamba ukuta wake wa mbele hauna nje. Upande wake wa pili ni udongo wa barabara, na juu ya udongo huo unapita mtaro wa maji ya mvua. Baba alipojenga mtaro haukuwepo, kwa hiyo hakuweka nailoni wala lami nyuma ya tofali. Mtaro ulipochimbwa, ukuta ukaanza kunywa maji. Na huku kwetu hata kiangazi hewa ni nzito. Nguo huanikwa asubuhi na jioni bado ina ubaridi kwenye mishono. Mvua zikianza, chumvi hugeuka tope ndani ya kikopo.

Wa kwanza kuigundua kuvu alikuwa yeye. Asubuhi moja mke wangu alimshushia chai akamkuta amesimama, kiganja ukutani, kama mtu anayempapasa paka.

"Mwanangu," akasema, "ukuta umeota manyoya."

Tulishuka kutazama. Tulivuta kabati na nyuma yake tukakuta ukuta umejaa madoa ya kijani na kijivu, mengine yamekutana yakawa doa moja. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa umevaa unga. Viatu vyake vya kutokea vilionekana kama vya mtu aliyepita kwenye majivu. Godoro tulipoligeuza, mke wangu alijifunika pua kwa kanga.

Tukaanza vita. Tulisugua kwa brashi na klorini mpaka macho yakatuwasha, tukapangusa kwa siki, tukalitoa godoro juani, tukaweka feni ikageuza shingo mchana kutwa. Ukuta ukawa mweupe, tukashangilia mapema. Vidoa vikarudi kama vipele vya joto. Tukapaka chokaa, vikatokea juu ya chokaa. Tukapaka rangi ya mafuta, ile ambayo muuza duka aliapa kwamba maji hayapiti. Na kweli hayakupita, yalikusanyika nyuma yake, rangi ikatuna kama ngozi iliyoungua, na ukiitoboa yanatoka maji ya kahawia. Siku hiyo mke wangu alikaa kwenye ngazi na brashi mkononi akasema amechoka kumpaka maiti poda.

Wakati wote huo baba alikuwa akikohoa. Kwanza kikohozi kikavu cha asubuhi, kisha cha mchana pia, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi hata akiwa amekaa kimya anasuka. Hospitali walimpiga picha, wakapima makohozi. Daktari akasema hana ugonjwa wa kuambukiza. Mapafu yamechoka kwa kuvuta hewa yenye kuvu. Alimwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha akatugeukia sisi wawili, akasema dawa hiyo ni ya kumsogeza tu. Akiendelea kulala chumba kile hatafika mbali. Aliyasema hayo baba akiwa amekaa pale pale, kana kwamba asiyeona basi pia hasikii.

Tulimrudisha baba nyumbani. Tulipofika akateremka ngazi za nje mwenyewe, akafunga mlango.

Jioni mke wangu alimfuata kumwambia ahamie juu. Nilikaa ngazini nikawasikia. Binti alisema juu kuna hewa. Baba akasema hewa ipo, njia ndiyo hakuna. Binti alisema atazoea; baba akasema kuzoea kunataka macho, hata nusu, na kwamba chumba hiki alikizoea wakati bado anaona vivuli. Binti akamuuliza kama anataka afe humu tumzike tukijua kwamba tuliona tukamwacha. Mke wangu akalia, na baba hakuwahi kuweza kustahimili kilio cha binti yake, tangu akiwa mdogo. Akakubali jambo moja: aitwe fundi, chumba kitengenezwe. Kikitengenezeka, abaki. Kisipotengenezeka, tumfanye tunavyotaka.

Sote tuliyashika makubaliano hayo kwa mikono miwili.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyewahi kumbebea baba zege enzi za ujana wake, na bado alimwita bosi. Aligonga ukuta kwa ncha ya nyundo, akasikiliza, akanusa, akaniomba tochi. Akamulika usawa wa kiuno. Pale palikuwa na mkanda mweusi, upana wa kiganja, kutoka kitandani hadi mlango wa choo, ukipinda kila ukuta ulipopinda. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeuona siku zote. Tuliudhani ni uchafu wa mkono tu, na mke wangu alikuwa akiusugua bila kumwambia baba, nao ukawa unarudi kabla ya madoa mengine yote.

"Bosi, umejichorea barabara," fundi akasema kwa kicheko. "Kuvu inapenda jasho na mafuta ya mkono. Unaipelekea chakula mwenyewe."

Baba akauliza barabara ipi.

Fundi akatambua kwamba mzee hakuwa na habari, akazima tochi, kana kwamba hilo lingesaidia. Ikabidi mke wangu amweleze. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akainua kiganja cha kulia akakinusa, akakaa nacho puani kwa muda, halafu akakipangusa kwenye shati.

Fundi alitaka kubomoa lipu yote hadi kwenye tofali na kupiga nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Hakutudanganya. Alisema kazi hiyo inazuia, haiponyi. Ugonjwa wenyewe uko chini ya barabara, na barabara si yetu kuichimba. Baba aliomba goti na kibonde visiguswe. Fundi akasema, kwa upole safari hii, kwamba hapo ndipo kuvu ilipokaa sana. Mke wangu akapendekeza tufunge kamba kutoka kitandani hadi chooni, baba awe anaifuata.

"Mimi si mbuzi," baba akasema.

Fundi akacheka, nasi tukacheka, na baba mwenyewe akacheka hadi kikohozi kikamkata.

Siku za kubomoa tulimpandisha juu. Alikaa kwenye kochi, miguu imeungana, akisikiliza nyundo chini ya sakafu. Watoto walipopiga kelele aliwanyamazisha kwa mkono. Kikaanguka kipande kikubwa, vyombo vikatikisika kabatini.

"Hilo goti," akasema. Baadaye kidogo: "Sasa wako chooni."

Lipu mpya ilitoka laini kama sahani. Fundi alipitisha mkono juu yake akajisifu, na alikuwa na haki ya kujisifu. Ukuta ulinyooka kuliko wowote wa nyumba ile. Ulipokauka tulimshusha baba. Akaweka kiganja mahali pake pa siku zote, akaenda kidogo, akasimama. Akarudi kitandani akaanza upya. Ukuta haukumwambia kitu. Akaupita mlango wa choo bila kuujua, akagonga kona, akageuka, akakipoteza kitanda. Mke wangu alitaka kumwendea, nikamshika mkono. Baba alisimama katikati ya chumba alichokijenga mwenyewe, mikono mbele.

"Nimeelekea wapi?" akauliza.

Siwezi kusema hakujaribu, wala sisi hatukukaa tu. Tulipigilia misumari midogo mahali pa goti na kibonde, ikamchana. Tukaing'oa tukabandika vipande vya mbao, akaanza kuvifahamu, akafika chooni peke yake akarudi, na siku hiyo mke wangu alipika akiimba. Kisha mvua zikaingia. Mbao zikashika unyevu, na nyuma yake ndiko manyoya yalikoanza. Chini, karibu na sakafu, lipu mpya ikatoa chumvi nyeupe, ikatuna, ikaanza kudondoka kama maganda. Juu, lipu ilipoishia, kuvu ikatoka nyeusi tii ikapanda hadi darini. Fundi alipoitwa hakufanya mzaha wowote. Alisema maji yakizuiwa hapa yanatafuta pale, akakataa hata chai.

Mimi na mke wangu tuliulizana nani atamwambia baba. Hatukuhitaji kumwambia. Asubuhi tulipoteremka tulimkuta amekwisha vaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, redio mapajani, kifua kikipiga filimbi.

"Imerudi," akasema. "Mwanangu, nipandishe."

Tulimpa kona ya sebule iliyo karibu na dirisha. Fremu za viti zilibaki chini. Alisema juu zitazuia watu kupita, na kweli zingezuia. Kifua hakikupona, daktari alisema kilichokwisha haribika kimeharibika, tushukuru hakiendelei, na baba anywe maji mengi ili makohozi yalainike. Chumba cha chini tumekifunga. Ukipita karibu na mlango wake unasikia harufu.

Chooni nampeleka mimi. Si jambo dogo mkwe kumshika mkwe mkono kwenda huko, lakini kati ya mabaya mawili alichagua hilo, na hatulizungumzi. Namfikisha, nakohoa kidogo ajue nimesogea mbali, naenda kusimama jikoni. Mchana niko ghalani kazini, narudi jua likiinama. Mke wangu yupo nyumbani kutwa nzima na amemwambia baba mara nyingi kwamba amwite bila haya. Hajawahi kumwita.

Ilituchukua muda kuelewa kwa nini midomo yake inapasuka. Mke wangu alidhani ni dawa. Chai ya asubuhi baba alisema inamkaa kifuani. Uji alisema ameshiba. Maji alisema atakunywa baadaye, acha hapo. Aliuliza saa mara kwa mara, na tulidhani anasubiri habari redioni, kumbe ananingoja mimi.

Jana ghala lilifungwa mapema, nikarudi mchana. Nilimkuta amekaa wima kwenye kochi, ametoka jasho, na bilauri ya asubuhi iko mezani imejaa, juu ya maji pana utando wa vumbi. Nilimpeleka chooni kwanza. Tuliporudi nilimwaga maji yale nikamletea mengine, nikamwekea mkononi.

"Baba, kunywa. Mimi nipo."

Akauliza kama kesho naingia kazini. Nikasema naingia. Akalowesha midomo, akapapasa ukingo wa meza, akairudisha bilauri.